Mgeuze Mgonjwa Kabla Ngozi Haijafa

(Mazungumzo ya mwelimishaji afya na wanafunzi wa sekondari mkoani Kigoma. Tunayachapisha kama yalivyotolewa, pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa na wanafunzi.)

 

Najua wengi mlitegemea leo nizungumzie UKIMWI au malaria, maana ndizo mada tunazokuja nazo kila mara. Leo nina mada ambayo pengine hamjawahi kuisikia darasani, ingawa baadhi yenu mnaishi nayo nyumbani. Ni vidonda vya kulalia. Hospitalini wanaviita vidonda vya mgandamizo.

Utauliza: hayo si mambo ya wauguzi? Sisi wa kidato cha pili na cha tatu yanatuhusu nini? Yanawahusu sana. Ninyi wenyewe mnajua hospitali zetu zilivyo. Muuguzi mmoja ana wodi nzima ya wagonjwa. Anayemwogesha mgonjwa, anayemlisha na kumgeuza, mara nyingi ni ndugu yake. Na mgonjwa akisharuhusiwa kurudi nyumbani, Ujiji, Kibirizi au Kasulu, huko hakuna muuguzi kabisa. Kuna mama, kuna shangazi, na kuna wewe. Wapo wanafunzi, hasa wasichana, wanaokosa shule wiki nzima kwa sababu bibi kapata kiharusi na hakuna mwingine wa kumwangalia. Kama kazi hiyo tutaifanya sisi, basi tuifanye kwa akili.

NANI ANAPATA VIDONDA HIVI?

Ni mtu yeyote asiyeweza kujigeuza mwenyewe. Mzee aliyepata kiharusi. Mgonjwa aliyepoteza fahamu. Aliyevunjika paja na kuwekewa uzito kitandani kwa wiki kadhaa. Aliyedhoofika kwa kansa au UKIMWI. Na zaidi ya wote, mtu aliyeumia uti wa mgongo.

Hapa kwetu Kigoma hilo la uti wa mgongo tulitazame vizuri. Sisi ni watu wa michikichi. Mchikichi mkongwe hufika hata mita 20, na mkwezi hupanda na panga lake kwenda kukata mkungu. Akiteleza, anaangukia mgongo au shingo. Uti wa mgongo ukikatika au ukibanwa, miguu haina nguvu, na haina hisia. Hapo kwenye hisia ndipo penye hatari. Wewe ukikaa kwenye dawati saa nzima, makalio yanauma, unajisogeza hata bila kufikiri. Usiku ukilala unajigeuza mara nyingi na asubuhi hukumbuki. Aliyeumia uti wa mgongo hasikii maumivu hayo. Mwili wake hauna wa kumwambia "sogea".

Watafiti waliochunguza kumbukumbu za wagonjwa wa uti wa mgongo katika Hospitali ya KCMC, Moshi, za mwaka 2010 hadi 2014, walikuta wagonjwa 288. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2017. Chanzo kilichoongoza kilikuwa kuanguka, kikifuatiwa na ajali za barabarani. Na katika matatizo yaliyowapata wakiwa wodini, lililoandikwa mara nyingi zaidi lilikuwa ni hili tunalozungumzia leo, vidonda vya mgandamizo. Kilimanjaro wanapanda miti yao, sisi tunapanda yetu. Mgongo ni ule ule.

KIDONDA KINATOKEAJE?

Hebu kila mmoja abonyeze ukucha wa kidole gumba. Umeona? Unakuwa mweupe. Ukiachia, rangi inarudi. Ule weupe maana yake damu imefukuzwa. Mnajua kutoka kwenye somo la baiolojia kwamba damu ndiyo inayopeleka oksijeni na chakula kwenye seli. Sasa fikiria mfupa wa chini ya mgongo umeikandamiza nyama dhidi ya godoro, siyo kwa sekunde tano bali kwa saa tano. Seli zinakosa hewa, zinakufa. Nyama ikifa, inaoza.

Mwaka 1959 daktari mmoja wa Marekani, Michael Kosiak, alichapisha majaribio aliyofanya kwa mbwa. Aligundua kwamba mgandamizo mkubwa kwa muda mfupi unaua nyama, na mgandamizo mdogo kwa muda mrefu nao unaua nyama. Kwa hiyo usiseme, "Godoro ni laini, hana shida." Hata kwenye godoro laini, saa zinahesabika.

Sehemu zinazoshambuliwa ni zile ambazo mfupa uko karibu na ngozi: chini ya mgongo juu kidogo ya makalio, kwenye nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega, kisogo, hata masikio. Mambo mengine yanaongeza hatari. Kumburuta mgonjwa kitandani kunachuna ngozi na kuivuta mishipa ya damu iliyo chini yake. Mkojo na jasho vinailainisha ngozi kama vidole vya mtu aliyefua siku nzima. Na lishe duni inainyima ngozi vitu vya kujijengea.

Jambo moja la kutisha ni kwamba kidonda hiki mara nyingi huanzia ndani, karibu na mfupa, ndipo kitokeze nje. Ninyi watu wa ziwani mnamjua kiboko. Juu ya maji unaona masikio na macho tu, lakini mwili wote uko chini. Ukiona kidonda cha ukubwa wa sarafu, usiseme ni kidogo.

MACHO YETU, NGOZI YETU

Vitabu vingi vya uuguzi viliandikwa Ulaya na Marekani. Vinasema dalili ya kwanza ni wekundu kwenye ngozi. Kwa Mzungu, sawa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na ndiyo maana wengi wetu tunashtuka kidonda kikiwa tayari kimefunguka.

Sisi tuangalie hivi. Moja, linganisha sehemu hiyo na ngozi ya jirani yake. Je, imekuwa nyeusi zaidi, au ina rangi ya zambarau? Mbili, gusa kwa mgongo wa mkono. Je, ni ya moto au ya baridi kuliko pembeni? Tatu, bonyeza taratibu. Je, imekuwa ngumu, au imelegea kama uji? Nne, kama mgonjwa anasikia, muulize kama panauma au panawasha. Fanya hivi asubuhi na jioni, mahali penye mwanga wa kutosha. Ukiona moja kati ya hayo, hiyo ni hatua ya kwanza, na ngozi bado ni nzima. Mwondolee uzito pale mara moja.

Hatua ya pili ngozi ya juu imechubuka au ina lengelenge. Hatua ya tatu kidonda kimechimba mpaka kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi. Hatua ya nne unaona misuli au mfupa wenyewe. Kutoka ya kwanza kwenda ya nne zinaweza kupita siku chache. Kurudi nyuma ni miezi, na wengine hawarudi.

UTAFITI UMETUFUNDISHA NINI?

Zamani, hata huko Uingereza, aliyeumia uti wa mgongo alihesabiwa kama marehemu. Wengi walikufa mapema kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Februari 1944, vita vikiendelea, daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani mwaka 1939, alipewa wodi ya majeruhi wa mgongo katika Hospitali ya Stoke Mandeville. Hakuwa na dawa ya ajabu. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Wagonjwa wakaanza kuishi. Walipoanza kuishi, wakahitaji cha kufanya. Tarehe 29 Julai 1948 aliandaa mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde, washindani 16, wote kwenye viti vya magurudumu. Hapo ndipo ilipochipuka michezo ya Paralimpiki. Mwanzo wa medali zile zote ni mikono iliyokuwa ikimgeuza mtu usiku wa manane.

Mwaka 1962 yakatoka mambo mawili. La kwanza, muuguzi wa Uingereza Doreen Norton na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wazee waliolazwa. Wakati ule ngozi za wagonjwa zilikuwa zikipakwa na kusuguliwa vitu vya kila aina. Norton akaonyesha kwamba kinachosaidia ni kuondoa mgandamizo mara kwa mara. Akatengeneza pia kipimo cha maswali matano: hali ya mwili, hali ya akili, kutembea, uwezo wa kujigeuza, na kujizuia haja. Kila swali lina alama 1 hadi 4. Mgonjwa mwenye jumla ya 14 au chini yake yuko hatarini. Kipimo hiki hakihitaji mashine, unahitaji kalamu tu.

La pili, mtafiti George Winter, kwa kutumia nguruwe, alionyesha kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevunyevu kinaota ngozi mpya karibu mara mbili ya haraka kuliko kilichoachwa wazi kikauke. Kwa hiyo ile desturi ya kukianika kidonda juani "kipate hewa" haina msingi.

Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wazee 942 wa Marekani na Kanada, wote wakilalia magodoro mazuri ya sponji. Wengine waligeuzwa kila baada ya saa mbili, wengine tatu, wengine nne. Kwa muda wa wiki tatu haikuonekana tofauti kubwa. Maana yake siyo kwamba tuache kugeuza. Hakuna kundi ambalo halikugeuzwa! Maana yake ni kwamba godoro zuri linakununulia muda. Kama mgonjwa wako analalia mkeka, kitanda cha kamba au godoro lililobonyea, baki kwenye saa mbili.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Anza na godoro. Pitisha kiganja chako chini yake, pale yalipo makalio ya mgonjwa. Ukiusikia mfupa wake, godoro hilo limekwisha. Tafuteni la sponji nene. Kama fedha ya kununua vitu viwili haipo, nunueni godoro kwanza, redio baadaye.

Pili, ratiba. Iandikeni kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Saa 12 asubuhi ubavu wa kulia, saa 2 chali, saa 4 ubavu wa kushoto, mnazunguka hivyo hivyo. Anayegeuza anatia alama. Usiku mpeane zamu, na zamu iwe ya wote. Kaka naye ana mikono. Siyo dada akeshe peke yake halafu asubuhi asinzie kwenye mtihani wa hesabu huku kaka amelala fofofo.

Tatu, namna ya kugeuza. Msimburute. Wawili washike shuka lililo chini yake, wamwinue, ndipo wamsogeze. Akilala ubavu, asiulalie mfupa wa nyonga moja kwa moja. Mwekeeni mto mgongoni alale nusu ubavu. Magoti yasigusane, wekeni khanga iliyokunjwa katikati. Wekeni mto chini ya ndama za miguu ili visigino vielee hewani. Msimkalishe juu ya ngata au mpira wa tairi mkidhani mnamsaidia. Duara lile linabana damu kuizunguka sehemu ile ile mnayotaka kuiponya.

Nne, usafi. Akijikojolea, asikae hivyo mpaka asubuhi. Muosheni kwa maji na sabuni kidogo, mkausheni kwa kumgusagusa na kitambaa laini, bila kumsugua. Shuka likae bila makunyanzi wala makombo ya chakula.

Tano, chakula. Kidonda kinajengwa kwa protini. Hapa tuna bahati, ziwa liko mlangoni. Dagaa, migebuka na kuhe ni protini safi kabisa. Maharage, karanga na mayai pia. Mawese yetu mekundu yana asili ya vitamini A. Matunda na mboga za majani zisikosekane, na maji ya kunywa ya kutosha. Sio mgonjwa anakunywa uji mweupe mwezi mzima!

KIDONDA KIKISHATOKEA

Wapelekeeni taarifa zahanati au kituo cha afya mapema, hata kama mgonjwa mwenyewe ni mzito kubebeka. Wakati huo mgonjwa asikilalie kidonda hata dakika moja. Dawa yoyote utakayoweka haitafanya kazi kama uzito bado uko juu yake. Osheni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, kama mlivyoelekezwa na muuguzi, kisha mkifunike kwa kitambaa safi.

Yapo mambo ya kuacha. Acheni spiriti na dawa kali zinazochoma, zinaua hata seli zinazoanza kuota. Acheni majivu, udongo na kinyesi cha ng'ombe, humo ndimo anamokaa mdudu wa pepopunda. Acheni kufungua vidonge vya rangi mbili na kumwaga unga wake kwenye kidonda. Havifiki vilipo vijidudu vya ndani, na vinavifundisha vijidudu kuizoea dawa. Nyama iliyokufa, nyeusi, iondolewe na mtaalamu, siyo kwa wembe wa nyumbani.

Mgonjwa akipata homa, kidonda kikitoa usaha au harufu kali, pembeni pakivimba na kuwa pa moto, au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, msisubiri kesho. Sumu inaweza kuwa imeingia kwenye damu. Mcheza filamu wa Marekani Christopher Reeve, yule wa Superman, alianguka kutoka kwenye farasi mwaka 1995 akapooza. Alikuwa na fedha na wauguzi wa kumtosha. Hata hivyo, Oktoba 2004 alifariki baada ya kuugua maambukizi yaliyotokana na kidonda cha namna hii. Kwa hiyo tusimlaumu kila mama ambaye mgonjwa wake amepata kidonda. Vingine hutokea hata kwa uangalizi mzuri. Lakini vingi vinazuilika.

Na jamani, harufu isitufanye tumfiche mgonjwa chumba cha nyuma. Wapo wanaosema karogwa, na wapo wanaoacha kuja kumsalimia. Yeye anasikia yote. Mgonjwa aliyekata tamaa hali, na asiyekula haponi.

 Sasa maswali.

MASWALI NA MAJIBU

Dada, je, vidonda hivi vinaambukiza? Babu yetu tumemtengea mpaka kikombe.

Mrudishieni kikombe chake. Kidonda kinatokana na mgandamizo, hakirukii mtu. Unachotakiwa ni kunawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kumhudumia, na kuvaa glavu unapogusa kidonda, kwa usalama wako na wake.

Darasani tulisoma kwamba Livingstone aliumwa sana vidonda kabla ya kufika Ujiji mwaka 1871. Ni hivi hivi?

Swali zuri. Mwaka 1870 alikwama kwa wiki nyingi huko Manyema, ng'ambo ya ziwa, kwa vidonda vya miguu. Vile vilikuwa vidonda vya nchi za joto, vinavyoletwa na vijidudu na lishe duni. Sivyo hivi. Funzo ni kwamba vidonda siyo vyote sawa, ndiyo maana lazima ujue chanzo kabla ya dawa.

Bibi yangu anapaka asali. Inafaa?

Asali imefanyiwa utafiti mwingi. Uchambuzi wa tafiti hizo uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba husaidia vidonda vya moto visivyo virefu kupona haraka zaidi. Kwa vidonda vya kulalia ushahidi bado hautoshi. Tena asali inayotumika hospitalini husafishwa kuua vijidudu. Ya kwenye chupa ya sokoni, bibi ailie muhogo.

Je, tumsugue kwa mawese sehemu iliyoanza kuwa nyeusi?

Hapana. Nyama ya pale tayari imeumia, ukiisugua unaiumiza zaidi. Ngozi kavu ya sehemu nyingine unaweza kuipaka mafuta taratibu ili isipasuke.

Kaka yangu anatumia kiti cha magurudumu. Akikaa tu hana hatari?

Anayo, hasa kwenye makalio. Akae juu ya mto mnene wa sponji. Kila baada ya dakika 15 hadi 30 ajiinue kwa mikono, au ainame mbele dakika moja au mbili, damu ipite. Usiku ajikague kwa kioo kidogo.

Mtu akianguka kwenye mchikichi mbele yetu tufanye nini?

Msimnyanyue kwa mikono na miguu, wala msimpakie kwenye bodaboda. Mgongo uliovunjika ukikunjwa unaweza kukata uti ambao ulikuwa bado mzima. Mmoja amshike kichwa kisiyumbe. Tafuteni ubao au mlango. Watu wanne au zaidi wamwinue kwa pamoja, akiwa amenyooka kama gogo, wamlaze juu yake na kumfunga asiteleze. Ndipo mtafute gari. Na kuanzia saa ile ile alipolazwa, hesabuni saa mbili, mumwombe muuguzi awaonyeshe namna ya kumgeuza bila kuugusa mgongo. Msisubiri kuambiwa.